Saba Mara Sita, Beba Nne

Mama Vigae aliacha shule darasa la sita, na anayemdharau kwa hilo hujibiwa palepale. Miaka ishirini na mbili anapiga magoti kwenye sakafu za watu. Penseli hukaa nyuma ya sikio, na tarakimu ya kubeba haiandiki sakafuni, maana vumbi la saruji huila. Huiandika kwenye ukucha wa dole gumba.

Safari hii ilikuwa wodi mpya ya wazazi: vigae arobaini na saba kwa mstari, mistari thelathini na sita. Kiwanda kilikuwa kinaacha kutengeneza rangi ile, hivyo agizo lilikuwa moja tu. Vikipungua, lawama zote kwa fundi.

Msimamizi, kijana wa viatu visivyojua vumbi, alipiga hesabu kwa kichwa. "Arobaini mara thelathini, elfu moja mia mbili. Saba mara sita, arobaini na mbili. Jumla elfu moja mia mbili arobaini na mbili. Mama, weka sahihi hapa."

"Siweki. Ile saba hujaizidisha kwa thelathini, wala arobaini kwa sita."

"Mama, mimi nina diploma. Kama kazi huitaki sema, mafundi wamejaa nje."

Alijua unga wake ungeweza kumwagika saa ileile, na aliogopa. Akapiga magoti hivyo hivyo, akaandika sakafuni huku akihesabu kwa sauti. "Saba mara sita, arobaini na mbili. Andika mbili, beba nne." Nne ikaenda ukuchani. "Nne mara sita, ishirini na nne, ongeza nne, ishirini na nane." Mia mbili themanini na mbili. Akafuta ukucha kwa mate, akashuka mstari, akaweka sifuri, akazidisha kwa ile tatu: elfu moja mia nne na kumi. Akajumlisha.

"Elfu moja mia sita tisini na mbili. Vyako vimepungua mia nne na hamsini, bosi. Hapo patakapobaki wazi utatandika diploma?"

Mafundi wakaangua kicheko. Msimamizi akatoa simu, akabonyeza, akabonyeza tena. Akanywea.

"Haya, nimerekebisha. Weka sahihi basi."

"Andika kwanza nani kapiga hesabu."

Kalamu ikasita juu ya karatasi. "Kwani jina lako nani, mama?"

Miezi minane walikuwa jengo moja. Mama Vigae akasimama, akamtajia jina lake, la baba yake na la babu yake, herufi moja moja, mpaka kijana akayaandika yote.