Kipaza wa Stesheni

Watu wengi mjini waliijua sauti yake, lakini sura yake ilijulikana na wachache. Alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni. Kazi yake aliifanyia katika chumba kidogo juu ya madirisha ya tikiti, chenye kiti kilichochanika ngozi na kioo kilichotazama majukwaa. Humo ndimo alimosema treni gani inaingia, ipi imechelewa, na mtoto wa nani amepotea. Sauti yenyewe haikuwa tamu. Ilikuwa nzito, ya kutua, sauti ya mtu asiyekimbizwa na chochote. Treni ikichelewa hata nusu siku, yeye akisema "tunaomba radhi", watu walijikuta wamesamehe. Wakambandika jina la Kipaza, nalo likamganda. Hata mumewe alimwita hivyo siku ambazo alikuwa na furaha.

Mumewe alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, mtu aliyesoma mapinduzi mengi mno hata akaishia kutoamini hata moja. Watoto wao wakubwa walikuwa wameshaolewa na kuoa. Nyumbani alibaki binti wa mwisho, Kitinda, aliyekuwa akisomea uuguzi na kurudi kutoka bwenini kila mwisho wa juma na mfuko wa nguo chafu.

Mwaka huo bunge lililetewa mswada wa kumwondolea Rais ukomo wa kutawala. Rais mwenyewe aliingia madarakani kabla Kitinda hajazaliwa. Vijana wakaanza kukusanyika kwenye uwanja mkubwa katikati ya mji.

"Baba, leo naenda uwanjani," Kitinda alisema asubuhi moja, mdomo umejaa mkate.

"Moto wa mabua huo, mwanangu. Unawaka sana lakini hauivishi kitu."

"Basi sisi tutaongeza kuni."

Kipaza alikuwa akipiga pasi sare yake. Hakuinua kichwa. "Kuni ndinyi," alisema.

Binti alicheka, akambusu mama yake shavuni, akatoka.

Alasiri ile milio ya bunduki ilisikika hadi stesheni. Kipaza aliacha kiti, akashuka ngazi na sare yake ya kazi mwilini, akaenda kumtafuta mtoto. Siasa haikuwamo kichwani mwake. Alikuwa anamfuata mwanawe tu, amkamate mkono amrudishe nyumbani.

Uwanja ulizungushiwa ukuta, na polisi walikuwa wamefunga njia zote isipokuwa lango moja la chuma. Moshi wa mabomu ya machozi ulitanda. Umati wote ulikuwa ukisukumana kuelekea lango hilo, na Kipaza, aliyepenya ndani akijibana na ukuta, aliona watu wakianguka na wenzao wakipita juu yao. Kijana mmoja alisimama juu ya kitako cha sanamu na spika ya mkononi, akipiga kelele, "Kimbieni! Kimbieni!"

Kipaza alimparamia yule kijana kama ngazi, akampokonya ile spika.

"Abiria," alisema. Ndilo neno lililomtoka, mazoea yana taabu. "Abiria wote mlio upande wa kushoto, tafadhali simameni mlipo. Wenye watoto watangulie. Msisukumane. Aliyeanguka ainuliwe kwanza. Nafasi ipo ya kila mtu."

Watu wakasita. Mtu akapaza sauti, "Jamani, si yule wa stesheni!" Na katikati ya vikohozi na machozi, watu wakacheka. Wakasimama. Wakatoka kama wanavyopanda treni, safu kwa safu. Langoni pale hakufa mtu. Kitinda alitoka miongoni mwa wa mwisho, amembeba mwenzake begani, macho mekundu, akamwangalia mama yake kana kwamba hajawahi kumwona.

Kesho yake wenzake Kitinda walikuja nyumbani. "Mama, tunakuomba. Sisi tukisema wanatusikia, wewe ukisema wanatulia." Mwalimu hakumzuia mkewe. Alimtilia chupa ya maji mkobani.

"Mambo yenu siyaamini," alisema, "lakini koo lako naliamini."

Basi Kipaza akawa sauti ya uwanja. Aliwaambia watu wapi pa kukaa, wapi pa kupita, nani amepotezana na ndugu yake. Wachuuzi walifunga soko, wafanyakazi wa treni wakagoma, na uwanja ukajaa watu wasiowahi kuandamana maishani mwao: mafundi cherehani, makarani, akina bibi na viti vyao vya kukunja. Hatimaye jioni moja redio ikatangaza kwamba Serikali imesikia kilio cha wananchi na mswada umeondolewa.

Watu walicheza juu ya reli. Kitinda alimrukia baba yake shingoni. "Mabua yameivisha, baba!"

Mwalimu alimkumbatia kwa nguvu, lakini hakuweza kujizuia. "Simba mwenda pole ndiye mla nyama," alisema.

"Hata leo, baba?"

"Hata leo, mwanangu."

Watu wakarudi makwao. Jambo hilo ndilo Kipaza alilolifikiria sana baadaye. Uwanjani walikuwa umati. Nyumbani kila mmoja alikuwa na mlango wake, na milango hugongwa mmoja mmoja.

Yule kijana wa spika alichukuliwa kazini kwake. Fundi cherehani mmoja alichukuliwa pamoja na cherehani yake. Kitinda walimtoa bwenini na kandambili miguuni. Kipaza hawakumgusa, walimsimamisha kazi tu. Alizunguka vituo vya polisi na magereza, na kila mahali jibu lilikuwa lile lile, "Huyo hatuna hapa, mama." Magazeti hayakuandika neno. Waliokuwa wakimshangilia uwanjani sasa walivuka barabara wakimwona, na yeye hakuwalaumu. Kila mtu ana wake.

Ndipo alipoitwa kwenye ofisi moja yenye zulia na chupa ya chai. Afisa alikuwa mpole, umri wa mwanawe mkubwa.

"Karibu ukae, mama. Nimekua na sauti yako. Nikienda likizo kwa bibi, wewe ndiye ulikuwa unanionyesha jukwaa langu."

"Nataka mwanangu."

"Na mimi nataka umpate." Alimmiminia chai. "Mswada unarudi bungeni. Tunataka watu wakae majumbani, pasiumie mtu. Kuna maneno machache ya kusoma redioni. Nikiyasema mimi, nani atanisikiliza? Wewe watakusikiliza."

"Na nikikataa?"

Afisa alikoroga chai yake polepole. "Mtu asipolala kwa muda mrefu, mama, huanza kuzungumza peke yake. Binti yako ndiye aliyenieleza. Nesi mzuri sana yule, ana akili."

Kipaza alirudi nyumbani akamweleza mumewe. Alitegemea aambiwe, nilikwambia. Badala yake Mwalimu alisema, "Usisome."

"Wewe? Wewe uliyeyaita mabua?"

"Nilisema yatazimika. Sikusema tuyazime kwa mikono yetu."

"Haya, basi nenda wewe ukamwambie mwanao aendelee kukesha, kwa sababu baba yake amepata imani uzeeni."

Mwalimu alijifunika uso kwa viganja vyote viwili, na kutoka humo akasema, "Kasome."

Alisoma. Alijaribu kusoma vibaya, aikwaruze sauti, akwame katikati ya maneno ili watu wajue. Fundi mitambo akamwambia arudie. Na aliporudia, sauti ikatoka kama ilivyozoea kutoka, nzito, imetulia, haikimbizwi na chochote. "Ndugu wananchi, tunaomba mbaki majumbani." Hata yeye mwenyewe, alipoisikia redioni, karibu aiamini.

Siku ya kura uwanja ulikuwa na njiwa na askari wanaopiga miayo. Mswada ulipita kabla ya chakula cha mchana. Mwalimu alimwambia watu walishaogopa kabla ya redio, kwamba nusu ya viongozi wa uwanjani walikuwa ndani na nusu wamevuka mpaka. Huenda ni kweli. Lakini kweli hiyo haikumpunguzia kitu.

Kitinda alirudi amekonda, macho yamezama. Aliketi kitandani kwake, na mama yake akamvua kandambili kama enzi za utoto.

"Tuliisikia redio mle ndani," alisema. "Walitufungulia makusudi."

"Mwanangu..."

"Wenzangu wote wanajua wewe ni mama yangu."

"Wametoka wangapi?"

"Mimi tu."

Kipaza alikaa na kandambili mkononi.

"Ungeniacha mle, mama."

"Nisingeweza."

"Najua. Ndiyo maana walikuchagua wewe."

Hakuyasema kwa ukali, na hilo ndilo lililouma zaidi. Haikupita muda akahamia kwa shangazi yake. Chuo hakikumrudisha. Salamu zake zikawa zinapitia kwa baba.

Kipaza alirudishiwa kazi yake. Ilikuwa zawadi, na kila mtu stesheni alijua ni zawadi ya nini. Muuza mboga alimpimia mchicha bila kumsalimia.

Mwaka uliofuata wanafunzi waliingia tena uwanjani, kwa jambo jingine. Walikuwa wachache, na wengi wao hawakuwamo katika ule umati wa kwanza. Kufikia adhuhuri walikuwa wamekwisha kutawanywa kwa mabomu ya machozi. Treni hazikuchelewa. Kipaza alizitangaza zote, akarudi nyumbani, akamkuta mumewe amekaa bila kusoma gazeti lililokuwa mapajani.

"Hivi," alimwuliza, "tungekaa kule uwanjani, tusirudi nyumbani hata waliposema wameuondoa mswada, ingekuwa vingine?"

"Historia inaonyesha..."

"Sikuulizi historia. Nakuuliza wewe."

Mwalimu alilikunja gazeti. "Sijui, mke wangu. Labda wangetuua. Labda wangechoka kabla yetu. Hakuna aliyekaa akaona."

Kipaza aliinuka akafunga dirisha, kwa kuwa upepo ulikuwa unatoka mjini, na moshi ulikuwa bado unawasha macho.