Paa la Ghislaine

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, katika yadi ya mafundi huko Jacobs, kusini mwa Durban. Mguu wa kulia umeingia. Kiuno kimeingia, kwa kusukumwa kidogo. Kichwa ndicho kimekataa.

"Papa Tina," anasema Ghislaine, nusu yuko ndani nusu yuko nje, shavu limebanwa na ukingo wa mlango, "hii gari uliitengeneza ya kubeba nani? Kuku?"

Yadi nzima imeacha kazi. Pandu, fundi rangi kutoka Tanga, amejishika tumbo kwa kucheka. Mwenye gari, ambaye ndiye mwenye mke pia, anazunguka na kitambaa mkononi akifuta mahali ambapo hapana vumbi.

"Inama kidogo, Mama Tina. Gari ya namna hii njo inapandwaga hivyo."

"Ninainama! Nimeinama mpaka niko naona chini ya kiti. Na hapa bado sijaweka nywele!"

Kicheko kinakatika ghafla. Hakuna mtu pale asiyejua nywele za Ghislaine ni habari gani. Na kila mmoja anajua kwamba baada ya wiki tatu, gari hili ndilo linalotakiwa kumpeleka kanisani kufunga ndoa na baba wa watoto wake.

Désiré Mulumeoderwa, miaka arobaini na saba, ni fundi bodi. Kazi yake ni kufufua magari makubwa ya zamani, yale ya injini za silinda nane yaliyotamba Afrika Kusini miaka ya sabini. Mengine huyageuza kabisa: huchukua pikapu ya kizamani, akaikata, akaishusha, akaipa injini kubwa kuliko umri wake. Wapenzi wa magari hayo humjia kutoka kila kona ya mkoa, wengi wao wakiwa na hamu kubwa na mfuko mdogo.

"Mwenye pesa anaagiza vipuri Amerika," anasema. "Mwenye hamu anakuja kwangu."

Vipuri vyake anavipata kwenye yadi za vyuma chakavu za Clairwood, jirani tu, kati ya maghala na malori yanayoelekea bandarini. Pikapu ya harusi ni Chevrolet ya miaka ya hamsini aliyoikuta imegeuzwa banda la mbwa. Rejeta ilitoka kwenye lori, kiti kwenye taxi iliyopinduka, na dashibodi ameigonga mwenyewe kwa bati la friji. Injini aliitoa kwenye gari lililoungua sehemu ya nyuma. "Mbele kulikuwa kuzima kabisa," anacheka. "Ilikuwa inaningoja."

Ufundi wa kunyoosha bodi alijifunza kwa mjomba wake Bukavu. Hamu ya magari haya aliipata Durban, alipofika bila kitu na kuanza kama wengi, akilinda magari ya watu yaliyoegeshwa mitaani kwa sarafu za hisani. Jumapili moja alipewa zamu kwenye maonyesho ya magari ya zamani karibu na ufukwe.

"Ziliwashwa zote pamoja. Kifua changu kikatetemeka kama ngoma. Nikasema, Bwana, mi ninalinda nini hapa? Niko natakiwa kuwa ndani ya boneti."

Leo, mwezi ukiwa mzuri, anabaki na kama randi elfu kumi na mbili. Ukiwa mbaya, nyumba inaendeshwa na saluni ya Ghislaine.

Na hiyo saluni, tusidanganyane, ndiyo redio ya Wakongomani wa Durban. Iko katikati ya jiji, juu ya duka la simu, viti vitano na midomo ishirini. Hapo utajua nani amepata makaratasi, nani kaachwa, nani anajifanya hajaachwa. Hakuna bi harusi anayefunga ndoa bila watu kuuliza kwanza kama kichwa chake kimepita kwa Ghislaine. Mtindo wake maarufu hupanda juu, msuko juu ya msuko, na wateja wameubatiza jina la *ghorofa*.

Lakini mwenye ghorofa hajafunga ndoa kanisani.

Mahari yake ilitolewa Bukavu, familia zikakaa, ng'ombe wakahesabiwa. Halafu ikaja vita, ikaja safari, wakaja watoto. Katika kanisa lao, mama ambaye hajasimama madhabahuni haruhusiwi kuwa *marraine*, yule mama anayemsimamia bi harusi na kumshikia maua. Kwa hiyo Ghislaine husuka tangu alfajiri, humvalisha msichana shela, humsindikiza, kisha hukaa viti vya nyuma.

"Nimefikisha mabibi harusi wengi mpaka mlangoni," anasema. "Mlangoni ninawaachiaga wenzangu."

Désiré alimwahidi kwamba atampeleka kanisani kwa gari alilolijenga kwa mikono yake. Aliahidi kwenye sherehe ya ubatizo wa mtoto wao wa pili, nyumba imejaa, sahani zimejaa. Na neno ukilisema mbele ya Wakongomani walioshiba, huwezi kulirudisha.

Magari matatu yalikamilika. Yote matatu yaliuzwa.

"Ya kwanza, mama yangu aliumwa, sawa," anasimulia Ghislaine, huku wateja wake wakiitikia kama kwaya. "Ya pili, Tina akaingia université, sawa. Ya tatu hapakuwa mgonjwa, hapakuwa shule. Bwana mmoja aliisifia tu, mume wangu akayeyuka kama siagi."

Tangu hapo, mtu akiuliza saluni harusi ya Ghislaine ni lini, jibu huwa moja: "Kaulize mnunuzi."

Ndiyo maana hili la nne Désiré alilijenga kimya kimya, kwa mapenzi na kwa maringo. Akalifanyia kila kitu ambacho wajuzi hukisifia. Kubwa kuliko yote, akakata nguzo za paa, akatoa kipande cha upana wa vidole vinne, akalichomelea upya likiwa chini, kama kofia iliyoshushwa machoni. Pandu akalipiga rangi ya zambarau iliyoiva, tabaka juu ya tabaka. Mafundi walikuja kulitazama kama wanakuja kumtazama mtoto mchanga.

Alipima magurudumu, alipima injini, alipima upepo utakavyopita. Mke wake, mwanamke wa futi sita kasoro kidogo, anayejengea watu ghorofa kichwani, hakumpima.

"Ulisahau nina kichwa?" anauliza Ghislaine Jumamosi hiyo, akiwa amefanikiwa kujichomoa.

"Sikusahau. Niliona gari tu."

Pandu anajaribu kupoza. "Shemeji, mbona rahisi? Vaa kilemba kidogo, ingia zako kiubavu."

Ghislaine anajifuta vumbi kwenye sketi, anaangalia paa, anaangalia mume. Halafu anasema polepole, bila utani wowote, na hilo ndilo linalowashtua wote.

"Basi. Nitasuka mistari ya kulala. Haina shida."

Anakwenda kukaa kwenye benchi karibu na bomba. Désiré anabaki na kitambaa chake. Baadaye atasema kwamba angemtukana ingekuwa afadhali.

Kabla jambo halijapoa, geti linagongwa. Ni mpenzi mmoja wa magari kutoka upande wa matajiri, Umhlanga, ameona picha kwenye simu ya mtu. Anazunguka pikapu mara mbili. Anapitisha kiganja juu ya lile paa la chini. Anasema kwa Kiingereza kwamba paa ndilo gari lenyewe, kwamba hajaona lililokatwa vizuri hivi, na kwamba yuko tayari kutoa *one-eighty thousand*, randi laki moja na elfu themanini, leo, alichukue kama lilivyo.

Mafundi wanatazamana. Pandu anamtazama Désiré. Benchini, Ghislaine hatazami mtu. Anajifungua kamba ya kiatu na kuifunga tena.

Désiré anamwambia mgeni *thank you, baba*, kwa heshima zote. Kisha anachukua chaki, anachora mstari kwenye kila nguzo ya paa, anavaa miwani, anawasha grenda.

"Eish! *What are you doing?*" mgeni anapiga kelele.

"Désiré! Rangi yangu!" Pandu anapiga kelele kubwa zaidi. "Mwenzio nimekesha na msasa! Haijakauka hata sawasawa!"

Cheche zinaruka. Nguzo ya kwanza, ya pili. Mgeni ameshika kichwa kama aliyefiwa, kisha anaondoka akiongea peke yake. Nguzo zinapokwisha, watu wanne wanalibeba paa na kuliweka chini kwenye saruji, na pikapu inabaki wazi kama beseni.

Ghislaine amesimama. Kamba ya kiatu haijafungwa.

"Mistari ya kulala usisuke," Désiré anamwambia, miwani bado usoni. "Miaka yote hii umepandisha nywele za wengine."

Ikabaki hesabu ya kujenga paa jipya, na hesabu hiyo haikuwezekana bila nywele zenyewe. Hivyo Jumatano iliyofuata Ghislaine aliamka mapema, akasukwa na wasichana wake ghorofa kamili ya harusi, ya kupimia tu. Alifika Jacobs amefunikwa kitenge, maana mtindo wa bi harusi hauonekani kabla ya siku yake.

"Wanaume wote, geukeni!" aliamuru alipoingia getini.

Wakageuka. Fundi wa breki, fundi wa umeme, Pandu na bunduki yake ya rangi, wote wameelekea ukutani kama wanafunzi walioadhibiwa. Ghislaine akapanda, safari hii akiwa amenyooka, akakaa kwenye kiti cha taxi, akatoa kitenge.

Désiré alisimama na futi ya chuma mkononi kwa muda mrefu bila kupima chochote.

"Fanya kazi, Papa Tina. Shingo inauma."

"Niko naangalia."

"Umeniona miaka ishirini."

"Hivi sijakuona."

Sasa, siku kadhaa baadaye, harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mpango ni kutoka Jacobs saa nne, kupita Clairwood taratibu ili madereva wa malori wapige honi, kisha kuingia mjini. Jumatatu yake, Désiré anasema, gari litakuwa la kupelekea mke saluni, na atakayekuja kuuliza bei atakaribishwa chai tu. Paa jipya analikata kwenye mlango wa lori. Anajua wajuzi watamcheka: nani anakata gari akalipandisha?

Jumatano ile alipima kutoka kwenye kiti mpaka kilele cha nywele, akaongeza kiganja kimoja kwa ajili ya mashimo ya barabara, akatia alama ya chaki.

"Likipanda zaidi hapo litakuwa kabati!" Pandu alisema, uso ukutani.

"Kaa kimya, shemeji Pandu," alisema Ghislaine. Kisha kwa mumewe, kwa sauti ya chini, "Ongeza kiganja kingine."

"Cha nini? Cha mashimo nimeshaweka."

"Watu wakipiga vigelegele njiani, mi nikae tu kama picha? Ninataka nafasi ya kutingisha kichwa."

Désiré akafuta alama kwa kidole gumba. Akaongeza viganja viwili.