Maige Anakwenda Kula Bukoba

Maige Nkwabi alikuwa amevuka hamsini, na katika majirani zake wote wa Nyakato hakuna aliyewahi kumwona akitafuna. Walimwona akikata bati, akigonga, akipaka rangi majiko ya mkaa na kuyapanga kando ya barabara. Lakini saa ya kula ikifika aliingia kibandani, akarudishia mlango, na alipotoka mdomo ulikuwa umeshafutwa. Mafundi wenzake walikwisha kumaliza utani wote juu ya jambo hilo. Mmoja alisema Maige anakula kuku kila siku na hataki kuombwa. Mwingine alisema hana meno. Maige alicheka nao, akaendelea kugonga.

Haukuwa uchoyo. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, akapelekwa Kwimba kwa mjomba wake. Mke wa mjomba alikuwa na tabia ya kuufuata mkono wa mtoto kwa macho, kutoka kwenye bakuli mpaka mdomoni, kisha kurudi nao mpaka kwenye bakuli. Hakumpiga wala hakumwambia neno. Aliangalia tu. Maige akajifunza kuchukua matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, na kwenda kuvila machungani pamoja na ng'ombe, ambao hawana habari na mdomo wa mtu. Alipomaliza darasa la saba akaja Mwanza kujifunza ufundi, na tabia ile akaja nayo.

Marehemu mkewe, Ng'washi, aliigundua wiki ile ile ya ndoa. Hakuuliza. Akawa anamwekea chakula chumbani, kisha yeye anakwenda kwa jirani kupiga soga. Waliishi hivyo miaka yao yote, wakapata binti mmoja, Precious, na Ng'washi alipofariki Maige alijua kwamba mwanamke mwingine wa kumwelewa namna ile hayupo.

Ndipo akaja Justa. Alikuwa mjane wa Bukoba, anayeuza chakula mbele ya lango la chuo cha ualimu. Alikuja Mwanza kufunga mzigo, akanunua kwa Maige jiko kubwa la kupikia wanachuo. Baada ya wiki akapiga simu kusema jiko linakula mkaa kidogo kuliko yote aliyowahi kuwa nayo. Baada ya wiki nyingine akapiga tena, na safari hii jiko halikutajwa. Kwenye simu Maige alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliongea, akatania, akasimulia habari za Kwimba mpaka betri ikaisha. Simu haina macho.

Kila Justa alipokuja Mwanza walikwenda Kirumba, kwa wakaanga samaki. Kila mara Maige aliagiza soda, akasema ameshakula, akawa anatazama ziwa wakati mwenzake anakula. Justa alicheka tu, akamwita bahili.

Sasa mambo yalikuwa yamefika pengine. Ndugu zake Justa walitaka kumwona huyo fundi, na hasa kaka yake mkubwa, Alexander, mkulima wa kahawa. Justa hakuzunguka maneno.

"Kaka ndiye aliyenisaidia kulea watoto nilipofiwa," alimwambia kwenye simu. "Akikukataa, Maige, mimi sitakwenda kinyume chake. Njoo Jumamosi. Tutakupikia."

Neno lile la mwisho lilimkosesha Maige usingizi. Precious, ambaye kwenye kiwanda cha samaki alifanya kazi na wasichana wa kutoka Bukoba, ndiye aliyemmaliza kabisa.

"Baba, kule si hapa Nyakato," alisema. "Mgeni akikataa chakula, wenyeji wanajua anahofia sumu. Utakuwa umemwita mama wa watu mchawi nyumbani kwake."

"Nitakula."

"Mbele za watu?"

"Nimesema nitakula."

Jioni ile wakajaribu. Precious alisonga ugali, wakaketi pamoja mezani kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Maige akakata tonge. Binti akawa anamtazama kwa kumtia moyo, kama mtu anayemtazama mtoto akianza kutembea, na tonge likasimama kooni, haliendi mbele wala halirudi nyuma. Maige akanywa maji, akatoka nje, akasema kuna jiko alilosahau kuliingiza ndani.

Jumamosi alfajiri alipanda basi. Walivuka daraja la Busisi jua likichomoza, abiria wakatoa simu kupiga picha, naye hakuona kitu. Alikuwa akihesabu watu watakaokuwepo. Justa alisema ni ndugu wachache tu. Kwa Wahaya, ndugu wachache ni wangapi? Basi liliposimama Biharamulo ili watu wale, Maige alikwenda nyuma ya choo cha stendi, akatoa mfuko wake, akala viazi viwili akiwa amesimama. Alijiambia kwamba mtu mwenye kitu tumboni hatetemeki. Alirudi kwenye basi akitetemeka vile vile.

Justa alimpokea stendi akiwa amevaa gauni la kitenge la mikono mirefu, akampakia kwenye bajaji, akamwambia dereva asiende haraka maana mgeni anataka kuona mji. Mgeni alitaka kurudi Mwanza. Akaonyeshwa majengo ya wakati wa Mjerumani kule karibu na ziwa, yenye kuta nene na madirisha membamba. Akaonyeshwa kanisa kubwa, na chuo chenyewe, cha zamani, chenye paa jekundu lililoota ukungu kwa mvua za huko. Ulikuwa mji mzuri. Shida yake ilikuwa moja: kila mtu alikuwa anakula. Wanachuo walikula ndizi za kuchoma wakitembea. Wazee barazani walitafuna buni. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, na kila penye kivuli palikuwa na mwanamke na beseni la senene waliokaangwa, akiwafunga kwenye karatasi. Justa akasimamisha bajaji, akanunua, akamtia mkononi.

"Onja. Wa mwaka huu wana mafuta."

Dereva naye akageuza shingo ili aone mgeni anavyopokea. Maige akatia karatasi ile mfukoni mwa koti, akasema atakula baadaye akitulia. Justa alimwangalia kidogo, kisha akaangalia mbele. Hakucheka kama alivyokuwa akicheka Kirumba. Mafuta ya senene yakaanza kupenya kwenye kitambaa, na Maige akayahisi ya moto ubavuni, njia nzima.

Nyumba ya Justa ilikuwa nyuma ya genge lake la chakula. Ndugu wachache walikuwa wamejaa sebule. Maige aliwasalimu mmoja mmoja, akaanza na shangazi yao Odeta, bibi mwembamba mwenye fimbo, akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba na kuambiwa kwamba ni mrefu kuliko alivyosifiwa. Alexander alikuwa mtu wa sauti ya chini. Alimuuliza habari za njiani, za mvua, za bei ya bati, na Maige akajibu vizuri. Kwa muda mfupi aliamini mambo yataisha kwa mazungumzo.

Kisha majani ya mgomba yakatandikwa mkekani. Ndizi zikamiminwa juu yake za moto, zimepikwa na maharage, mvuke ukipanda, na pembeni bakuli la mchuzi wa samaki wa kukaushwa. Wote wakaketi kuzunguka, magoti kwa magoti. Maji ya kunawa yakapita. Hapakuwa na sahani ya mtu kujificha nayo wala kona ya kukimbilia. Hapakuwa hata na meza.

"Karibu mgeni," alisema Alexander.

Hakuna aliyetia mkono. Walikuwa wakimngoja yeye aanze. Mkono wa Maige ulitoka, ukafika kwenye ukingo wa jani, na macho yote ya sebule ile yakaja nao. Ukasimama hapo. Alisikia mvua ikianza kugonga bati. Alijaribu kuupeleka mkono mbele kama mtu anayesukuma kitu cha mwingine, ukakataa. Na maneno yakatoka yenyewe, kwa mazoea.

"Nimeshakula," alisema. "Njiani. Pale Biharamulo."

Wifi mmoja wa Justa aliyekuwa akitabasamu aliacha. Justa aliinamisha uso, na Maige akaona masikio yake yamebadilika rangi. Alexander akanyoosha mkono wake mrefu mpaka upande wa Maige, akamega ndizi iliyokuwa mbele ya mgeni kabisa, akachovya kwenye mchuzi, akala. Alitafuna taratibu. Alimeza, na akangoja kidogo baada ya kumeza, ili kila mtu aone kwamba yuko salama.

"Nimekula upande wako," alisema. Sauti haikupanda. "Sasa tuambie. Kwa dada yangu unaogopa nini?"

Maige alijua kwamba akinyamaza sasa, atapanda basi la kesho na simu haitapigwa tena. Hakuwa mtu wa kuhutubia. Hata kwenye msiba wa mkewe, aliyetoa shukrani alikuwa jirani.

"Mzee, siogopi chakula," alisema, na kwa kuwa hakuweza kumtazama mtu, akaliambia lile jani. "Naogopa kutazamwa. Tangu mtoto sijawahi kula mtu akiniona. Mke wangu aliyefariki hakuwahi kuniona. Binti yangu hajaniona. Justa nimemdanganya Mwanza kila alipokuja. Na leo nimekula viazi nyuma ya choo cha stendi."

Mtu akacheka, akajizuia. Justa akainua uso.

"Siku zote zile Kirumba ulikuwa na njaa?"

"Siku zote."

"Na yule sato niliyekubakishia kichwa, ukasema umeshiba?"

"Namtamani mpaka leo."

Sasa waliocheka walikuwa wengi, isipokuwa Alexander, ambaye alikuwa akimpima mgeni kama mtu anayepima gunia la kahawa kwa macho, akitaka kujua kama kuna mawe ndani. Maige alihisi jasho likishuka mgongoni. Hakujua kama ameokoka au amejizika.

Shangazi Odeta ndiye aliyegonga fimbo.

"Zamani mkama, mfalme wetu, naye hakuonekana akila," alisema. "Bibi yangu alinisimulia. Mkama akila, watu wanageuka, wanainama, hakuna wa kuangalia. Basi leo tumeletewa mkama kutoka Usukuma, anatengeneza majiko. Geukeni."

"Shangazi," alisema Alexander, "sisi ni watu wazima."

"Kwa hiyo anza wewe uliye mzima kuliko wote."

Alexander akavuta pumzi, akajizungusha pale pale alipoketi, magoti yakalia. Wengine wakafuata kwa kusukumana. Justa akawa wa mwisho. Ghafla Maige akawa na duara la migongo, vitambaa vya kichwa na makoti, na katikati yeye na ndizi.

"Anakula?" iliuliza sauti upande wa mlango.

"Sisikii kitu."

"Mpeni muda."

"Wasukuma ninaowafahamu mimi hawaombi muda. Wanauliza sufuria iko wapi."

"Nyamazeni," alisema shangazi. "Mnamtisha mkama."

Maige alimega. Ndizi ilikuwa laini, imeingia maharage mpaka ndani, na ilipita kooni kabla koo halijajua. Akamega tena. Akachovya samaki. Ilikuwa kweli, yote aliyokuwa akisikia juu ya chakula cha mji ule. Lakini hofu haikuondoka, ilihama tu: sasa alisikia kutafuna kwake mwenyewe, na akajua kila mgongo ule unasikiliza. Akala haraka, akijaribu kutotoa sauti, akala mpaka upande wake wa jani ukaonekana kijani.

Ndipo akawatazama. Walikuwa na njaa. Chakula kilikuwa kinapoa kwa ajili yake, na watu wazima wamekaa wakitazama ukuta nyumbani kwao wenyewe. Leo waligeuka kwa sababu ni mara ya kwanza. Kesho je? Na mwaka kesho? Alitazama shingo ya Justa, iliyonyooka, haisogei. Huyu angekuwa akienda kwa jirani kila siku ya maisha yake.

"Justa," alisema. "Wewe geuka."

Justa akageuka. Maige alikuwa ameshika kipande mkononi.

"Usinitazame mdomo."

"Nitazame wapi?"

"Popote. Mtazame samaki."

Justa akamtazama samaki, bila mzaha, kama mtu anayetaka kumnunua. Maige akatia kipande mdomoni. Kilisimama kooni. Akangoja. Justa hakuinua macho, hakumtia moyo, hakusema kitu. Alisogeza tu bakuli la mchuzi kidogo upande wake. Kipande kikapita. Maige akameza mara ya pili, ingawa hapakuwa na kitu kilichobaki, akafuta paji la uso kwa mkono wa koti.

"Justa," Alexander aliuliza akiwa ametazama ukuta. "Amekula?"

"Amekula."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona."

Mvua ilikuwa imeshika kweli kweli.

"Basi muulize shemeji," alisema Alexander, "na sisi tugeuke? Tuna njaa."

Maige alilisikia neno shemeji, na moyo ukamlipuka kwa furaha, kisha akafikiria macho yale yote yakirudi kwa pamoja.

"Mmoja mmoja," alisema.

Akaanza shangazi Odeta.