Mtoto wa Pasipoti ya Annah

Safari ya saba, Illuminée alikwenda ofisi ya sekta, yaani ya kata, akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani, kwa sababu alikuwa amechoka kuonekana mwombaji. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka ishirini na minne. Sasa amestaafu, magoti yanamsumbua, lakini mgongo ulibaki ule wa mtu aliyezoea kusimama mbele ya darasa. Aliweka bahasha juu ya meza ya Gatera, ofisa wa kuandikisha vizazi, akakaa kabla hajakaribishwa.

Ndani ya bahasha kulikuwa na cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake wa kike aliyeishi kwake, Iteka, kilichotolewa na hospitali moja ya Maskati, kwa Kiarabu. Kulikuwa na tafsiri yake, iliyofanywa na Usumani, mfasiri wa mtaa wa Nyamirambo, na kugongwa mhuri. Kulikuwa na barua ya padre, barua ya kiongozi wa mtaa, na picha nne za mtoto asiyecheka. Kila karatasi ilikuwa na safari yake. Ya mhuri ilimpeleka mtaa wa Kiyovu mara mbili, maana mara ya kwanza aliambiwa mwenye mhuri yuko semina.

Gatera alikuwa kijana aliyekulia Karagwe, upande wa Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa laini. Hilo lilimuudhi Illuminée kuliko yote: kukataliwa kwa maneno mazuri.

"Mukecuru, karatasi zako nimezisoma zote," alisema, akimwita bibi mzee kwa Kinyarwanda. "Shida haiko hapo. Cheti kinasema mama wa mtoto ni Annah, binti yako. Annah yumo kwenye mashine yetu. Tarehe kumi na nne Machi, mwaka 2013, alijifungua mvulana hapa Kigali. Sasa alijifunguaje tena Maskati tarehe mbili Mei mwaka huohuo?"

Kwenye benchi la nyuma mwanamume mmoja aliyekuja kuandikisha ndoa akasema polepole, kama mtu anayesaidia, "Labda huyo wa pili alikuwa pacha. Alikosa ndege."

Benchi zima likacheka. Gatera mwenyewe aliinamia mashine yake kuficha meno.

Illuminée hakugeuka. Alirudia alichokisema katika safari zote sita: Waarabu walikosea kuandika. Gatera akarudia alichomjibu mara zote sita: basi hospitali ya Maskati iandike barua ya kukiri kosa, maana bila hiyo mfumo haukubali. Illuminée akamwambia kwamba mfumo haujazaa wala hautazaa, kwa hiyo haujui uchungu wa mtoto. Akachukua bahasha yake, akatoka.

Ijumaa ya wiki ile ndiyo ilikuwa mwisho wa kuandikisha watahiniwa wa darasa la sita. Siku ile ilikuwa Jumanne. Mwalimu mkuu alikuwa amempokea Iteka miaka yote kwa neno la "karatasi zinakuja", lakini sasa alisema wazi kwamba mtoto asiye na namba ya utambulisho haingii kwenye orodha ya mtihani. Iteka alikuwa wa pili darasani. Kama hangeingia kwenye orodha, angebaki palepale mwaka mzima huku wenzake wakivuka.

Sasa tuseme lile ambalo Illuminée hakulisema pale mezani.

Yeye mwenyewe alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kwa wazazi waliokimbia Rwanda na vyungu vichwani. Nyumba yao ilikuwa na watu tisa na kadi moja ya ukimbizi iliyokubalika. Kadi ile ilifanya kazi kuliko mtu yeyote wa nyumba ile. Asubuhi ilikwenda sokoni na mama, mchana ilikwenda zahanati na dada mkubwa, jioni ikamtoa kaka mikononi mwa askari. Picha yake ilikuwa imefifia hata ikafanana na kila mtu. Baba yao alikuwa akisema kwamba karatasi ni koti la mvua: anayetoka ndiye anayelivaa.

Illuminée alirudi Rwanda mwaka 1994 akiwa na watoto wadogo wawili, akaapa mbele ya Bikira Maria kwamba hakuna wa uzao wake atakayeishi tena bila karatasi. Aliapa kwa moyo mweupe. Lakini mtu akihama huja na vyombo vyake vyote, hata vile vya kutupa, na Illuminée alikuja na lile koti la mvua.

Mwaka 2011 binti yake mdogo, Annick, alipata wakala wa kumpeleka Omani kufanya kazi za ndani. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Wakala alitaka wanawake wa miaka ishirini na mitano kwenda juu. Annah, dada yake, alikuwa na ishirini na sita, na alikuwa na pasipoti aliyoichukua kwa ajili ya kwenda harusi ya mjomba. Harusi ilikwisha, pasipoti ikabaki sandukuni. Wale ndugu wawili walikuwa na pua moja na paji moja la uso. Aliyefungua sanduku ni Illuminée. Hakuona kama anavunja sheria. Aliona anamfunika mtoto asilowe.

Annick alirudi mwishoni mwa mwaka 2013 na mtoto wa miezi sita mgongoni. Baba wa mtoto, dereva wa Kirundi aitwaye Niyongabo, alikuwa ameahidi kuandika jina lake, kisha akabadilisha namba ya simu. Mwajiri alibaki na pasipoti. Annick alifukuzwa nchini kwa jina la dada yake, na kwa jina hilohilo aliandikwa hospitalini. Omani haikumhesabu mtoto kuwa wake, Burundi haikuwahi kusikia habari zake, na Rwanda ilikuwa na jina la mama ambaye hakuwahi kupanda ndege. Mtoto aliitwa Iteka, yaani heshima, na heshima hiyo haikuwa na namba.

Miaka kumi na miwili walisema watashughulikia.

Jumatano jioni binti zake wote wawili walikuja. Annick alitoka Remera, ambako aliuza viatu vya mitumba karibu na kituo cha basi. Annah alikuja kwa pikipiki kutoka Kagarama, akaingia na kofia ya abiria bado mkononi, kwa maana alikuwa amesahau kuirudisha, na mwenye pikipiki akabaki nje akipiga honi hadi Iteka alipompelekea.

Annah alikuwa na shauri, na alilitoa kabla ya chai. Cheti cha Maskati kichanwe, waende ofisi ya sekta nyingine, kusiko na Gatera. Isemwe Annick alijifungua nyumbani, hapahapa mtaani, hakwenda hospitali kwa sababu ya aibu. Jirani yao Winifred yuko tayari kuapa kwamba alikuwepo na kwamba alikata kitovu kwa mkono wake. Mtu wa pili wa kuapa atapatikana. Namba itatoka kesho, mtoto ataandikwa Ijumaa, na habari imekwisha.

Annick alimtazama mama yake kwa macho ya mtu aliyeona mlango wa kutokea. Alisema kwamba Winifred ni mtu mzima, anajua kunyamaza.

"Katika nyumba hii hatuapi uongo," alisema Illuminée.

Annah akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Mama, kwani pasipoti yangu ilitembea yenyewe?"

Annah aliendelea, na sasa hakuwa anacheka tena. Alisema kwamba miaka mitatu iliyopita alipata nafasi ya kwenda Dubai kununua vitambaa na wenzake wa soko, akachukua pasipoti mpya, na kwenye uwanja wa ndege akarudishwa kwa sababu jina lake lilikuwa la mwanamke aliyefukuzwa Uarabuni kwa kuzaa nje ya ndoa. Wenzake walisimama nyuma yake wakisikia. Mumewe alisikia kutoka kwa wake zao. Hakumwambia mama yake kwa sababu aliona mama ana mizigo ya kutosha.

"Mimi nilikuwa mtoto," Annick akasema, akitazama mikono yake. "Uliniambia, vaa. Nikavaa."

Illuminée alikuwa mwalimu aliyewachapa watoto viganja kwa kunakiliana hesabu. Aliwahi kumrudisha mtoto wa jirani yake, kasisi wa Kianglikana, nyumbani kwao kwa sababu ya penseli ya kuokota. Miezi sita alikuwa amemlaumu Gatera, mashine, mfumo, Waarabu na mwenye mhuri wa Kiyovu aliyekwenda semina.

Iteka alikuwa amerudi kutoka nje zamani. Alisimama mlangoni na kikombe cha maji ambacho hakuombwa na mtu.

"Nyogokuru," alimwita bibi yake, "kesho nikiulizwa nilizaliwa wapi, nijibu nini?"

Lilikuwa swali la mtoto anayetaka kujua jibu sahihi ili asikosee. Hakuliuliza kwa ubaya. Angeambiwa aseme hapa mtaani, angesema hapa mtaani, na angelisema vizuri, maana alikuwa wa pili darasani. Illuminée aliliona hilo. Aliona lile koti likipimwa kwenye mabega ya mtoto wa kizazi cha tatu.

"Maskati," akamjibu. "Utasema Maskati."

Alhamisi asubuhi walikwenda wote wanne. Yule mwanamume wa ndoa alikuwepo tena, bado hajaandikishwa, na safari hii alikuwa na mchumba wake na shahidi mmoja badala ya wawili. Aliwapisha bila utani.

Illuminée hakukaa. Alisema kwa sauti ya darasani, hivyo benchi lote likasikia, kwamba Waarabu hawakukosea. Mama wa mtoto ni huyu, Annick. Aliondoka na pasipoti ya dada yake. Annah hakumpa, aliyeitoa sandukuni ni yeye Illuminée, mama yao, akijua anachofanya.

Gatera aliondoa vidole kwenye mashine.

"Mama, unajua unachokisema?" Hakumwita Mukecuru safari hii. "Nikikiandika hakifutiki."

"Kiandike."

Akaandika. Ilichukua saa mbili na nusu, maana ilibidi amwite mkubwa wake, na mkubwa wake amwite mtu wa sheria kwa simu, na mtu wa sheria alikuwa msibani. Kila mmoja alitoa maelezo yake na kutia saini. Annick alilia akitia saini, kisha akaomba kalamu nyingine, kwa kuwa ile iliacha kuandika katikati ya jina lake. Annah alitia saini haraka, na nguvu za mkono wake zikatoboa karatasi.

Kisha Gatera akawaeleza yaliyobaki. Annick atakwenda kuhojiwa kuhusu pasipoti, na Illuminée pia. Vipimo vya damu vya mama na mtoto vitahitajika. Mahakama itaamua kuhusu jina la mama kwenye cheti, na uamuzi ukitoka, ofisi itamwandika mtoto, kwa sababu mtoto wa Mnyarwanda ni Mnyarwanda, awe amezaliwa Maskati au mwezini. Alisema kwa kukadiria kwamba itachukua miezi mitano, au minane.

Illuminée akauliza kuhusu kesho, Ijumaa.

Gatera alisema kesho haiwezekani. Halafu akasema jambo ambalo Illuminée alikwenda nalo nyumbani na hakuweza kulitua popote.

"Kama ungeniambia haya safari ya kwanza, mwezi wa tisa, leo tungekuwa tunamalizia."

Hakulisema kwa kejeli. Afadhali angelisema kwa kejeli. Mtu akitukejeli tunapata wa kumkasirikia, na hasira ni kiti. Illuminée alisimama pale bila kiti, akahesabu safari saba, mihuri, nauli na maneno makali aliyomtolea kijana huyu, na kila hesabu ilirudi kwake. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Yeye alificha uchi wa kuzaa kwenyewe, na aliyezaliwa ndiye anayelipa.

Alimwomba Gatera msamaha. Alimwomba kwa Kiswahili, mbele ya benchi, akimwita mwanangu. Gatera alikubali kwa kichwa, akampa nakala ya maelezo yenye namba ya faili, akamwita anayefuata.

Ijumaa orodha ya watahiniwa ilibandikwa mlangoni mwa ofisi ya shule. Iteka aliisoma yote kutoka juu hadi chini, ingawa alikwisha kuambiwa. Kisha akarudi nyumbani kabla ya wenzake.

Illuminée hakumwambia kwamba yatapita, wala kwamba Mungu ana mpango. Alimkalisha, akamweleza jambo lote, sanduku, pasipoti, na nani alifungua. Akamwonyesha nakala. Mstari wa tatu uliandikwa: mama wa mtoto, Annick. Ilikuwa karatasi ya kwanza tangu Iteka azaliwe yenye jina la mama yake halisi.

Iteka aliusoma mstari ule mara moja, akaikunja karatasi.

"Kenny ataandika mtihani," alisema. Kenny ndiye yule mvulana wa Machi, mwana wa Annah.

"Ataandika."

"Nilikuwa nikimfundisha hesabu za sehemu."

Iteka akaenda chumbani, akarudi na sketi yake ya shule, akauliza kama itamfaa hadi mwaka kesho. Bibi yake aliichukua, akaipeleka dirishani kwenye mwanga na kupindua pindo la chini. Kitambaa cha kurefushia kilichobaki ndani kilikuwa vidole viwili, labda na nusu. Alivaa miwani, akatafuta wembe, akaanza kukata nyuzi za pindo moja moja, taratibu, asije akachana.