Wivu Ulionishusha Ngazi

Mungu ni mwema, na mimi ninayeyasema haya ninapumua mwenyewe, bila mashine. Ndugu zangu wa kanisani waliniomba niandike jinsi nilivyopona Korona ili wengine wapate moyo. Mmoja wao alininong'oneza niiache ile sehemu ya wivu, eti haijengi. Samahani yake. Nikiutoa wivu, hakuna atakayeelewa nilishukaje ngazi.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa nguvu. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Kigoma. Nilipofika Sydney na mke wangu Spesioza na binti yetu Kelia, nikapata kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala. Tunakaa Toongabbie, ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti. Nilikuwa napandisha gunia la mchele begani bila kupumzika njiani, na jirani akihema kwenye ngazi, nilimtania. Spesioza alikuwa anahudumia wazee katika nyumba moja upande wa Westmead. Akirudi kachoka, mimi ndiye niliyempokea begi mlangoni.

Kisha ikaja ile lokdauni ndefu ya mwaka 2021. Sisi wa magharibi tulibanwa kuliko wenzetu wa mashariki ya jiji. Kwenye televisheni tuliwaona wakitembea ufukweni na mbwa wao, nasi tunaambiwa tukae ndani. Niliwaonea kijicho watu wale, pamoja na mbwa wao. Lakini ghala letu halikufungwa, maana watu waliojifungia walikuwa wanaagiza vitu usiku na mchana.

Kikohozi kilianza kazini, nikasema ni vumbi la maboksi. Kesho yake chai haikuwa na ladha wala harufu. Mgongo uliuma kana kwamba nimepigwa rungu. Homa ikapanda, mkojo ukawa mweusi, na nikawa siwezi kumaliza sentensi bila kusimama nivute hewa. Kelia aliniangalia midomo, akapiga simu ya ambulensi bila kuniuliza. Wahudumu waliovaa magauni ya plastiki walinifunga kwenye kiti, wakanibeba ngazi zote hadi chini. Spesioza alibaki mlangoni. Hakuruhusiwa kuja.

Hospitalini daktari aliniinamia akasema, "Tutakulaza usingizi, mashine ipumue badala yako."

"Nitaamka?"

"Tutafanya kila tunaloweza."

Hilo halikuwa jibu, na nililijua kabla dawa haijaniingia.

Walinilaza kifudifudi, bomba kooni. Katika usingizi ule niliwaona wauguzi wakininadi sokoni kama mbuzi, na bei yangu ikizidi kushuka. Nilipozinduka nilikuwa na kidonda shavuni, nimevaa nepi, na mkono wangu haukuweza kuinua kijiko. Sauti ilikuwa imekwenda. Mapaja yalikuwa yamekonda hata nikaweza kuyazungushia viganja viwili. Muuguzi alinigeuza, akanisafisha, akaniambia, "You're doing great." Nililia, kwa sababu nilijua mtu anayefanya vizuri hapanguswi makalio.

Nilirudi nyumbani nikibebwa tena, safari hii kupanda. Alikuwa anakuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mmoja wa Kihindi aitwaye Priya, mpole wa sauti na mkali wa kazi. Mwanzoni tulijaribu ngazi. Katikati ya ghorofa ya pili pumzi ilikatika, nikakaa kwenye ngazi nikishika vyuma na kulia mbele ya mke wangu. Tangu siku hiyo nilikataa kushuka. Miezi ilipita. Spesioza akinibembeleza, "Twende tu hapo chini tununue mkate," namwambia mapafu hayajawa tayari. Priya akipima anasema, "Mapafu yako yanaziweza ngazi hizi. Wewe ndiye hutaki."

Na usingizi niliuogopa. Mtu aliyelazwa na dawa asijue kama ataamka, kitanda hakiamini tena. Kila usiku nilimwamsha Spesioza. "Spesi, nisikilize. Napumua?" Anaweka sikio kifuani, anasema, "Unapumua, Baba Kelia." Baada ya muda namwamsha tena. Asubuhi anaenda kazini kuhudumia wazee wengine.

Sasa wivu. Wakati nimelazwa na yeye haruhusiwi kuniona, Spesioza alijiunga na darasa la kuchora la mtandaoni, la kituo kimoja cha jamii Parramatta. Walikuwa wanachora kwa chaki laini za rangi, zile zinazoacha unga vidoleni. Unapaka rangi kwenye karatasi nyeusi, unaisambaza kwa kidole, unapaka nyingine juu yake. Wanachora vitu vilivyopangwa mezani tu: bakuli, birika, vitunguu. Niliporudi, Priya alisema unga ule haufai karibu na kifua changu, basi Spesioza akahamia roshani na kufunga mlango wa kioo. Mimi nikawa ndani kwenye kochi, nautazama mgongo wake.

Nilikionea wivu kitunguu. Msicheke. Alikuwa anakitazama kwa makini ambayo mimi sijatazamwa nayo tangu siku ya harusi. Mimi alinitazama kama mgonjwa: umekunywa dawa, miguu imevimba, choo kimetoka? Kitunguu hakikuulizwa choo. Wahenga wa khanga wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilikuwa nimeshakonda, kwa hiyo sikuona cha kupoteza.

Mwaka uliofuata, mipaka ilipofunguliwa, Spesioza alikuja akakaa pembeni yangu na vidole vyake vya bluu.

"Baba Kelia, mwalimu Colin anawapeleka watu Ufaransa kuchora, pwani ya Mediterania. Mmoja amejitoa. Ananitaka mimi kwa sababu ya Kifaransa, niwatafsirie kwa mpishi na sokoni. Ni wiki mbili."

"Na mimi?"

"Kelia yupo. Rafiki yako Papa Serafini amesema atakuja kila siku. Priya pia."

"Sijauliza nani atanipikia. Nimesema, na mimi?"

Alifuta vidole kwa kitambaa. "Nimeshakubali," akasema.

Kifaransa chake alikisomea shuleni kambini, na mimi nilikuwa namcheka kwamba huku Australia kitamsaidia nini. Basi kikampandisha ndege.

Picha zikaanza kuja kwenye simu. Bahari ya bluu isiyo na aibu. Meza chini ya dirisha, na kila mtu anaichora kutoka upande wake. Juu ya meza kulikuwa na ndimu za manjano, mtungi, mkate uliokatwa, kofia ya majani ya mwanamume, na glasi mbili. Siku iliyofuata wamebadilisha matunda, ila glasi mbili zipo palepale.

Papa Serafini ni Mkongomani wa Uvira, rafiki yangu tangu ghalani. Alishika simu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Ndugu, miye sisemi kitu," akasema. "Lakini bilauri ziko mbili. Mutu mumoja anakunywa mu bilauri mbili?"

"Na kofia," nikasema.

"Kofia sikuona. Sasa naona. Eh, ndugu. Tuombe."

Kelia alipita akachungulia. "Dad, it's a still life. They just put stuff on the table." Eti ni vitu tu vilivyowekwa mezani vichorwe. Akaenda zake. Lakini mtoto huyu kazaliwa na simu mkononi, atajua nini? Kwetu meza yenye vikombe viwili ni meza ya watu wawili.

Halafu ikaja picha ya kundi zima. Colin alikuwa mzee wa hamsini na kitu, amevaa kaptula. Sikuangalia uso wake. Niliangalia miguu. Ilikuwa na misuli ya mpanda milima, imesimama juu ya mawe kama haina habari. Niliionea wivu ile miguu. Mtu kamzidi umri mume wa mtu, na bado anapanda mawe na mke wa mwenzake!

Kilichonimaliza ni simu. Napiga alasiri ya kwetu, kwao ni asubuhi na jua limeshatoka, hapokei. Baadaye ananiandikia: "Samahani, nilikuwa nimelala." Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile. Nikamwuliza Papa Serafini mwanamke gani wa Kirundi analala mpaka jua linatoka. Akasema hajawahi kumwona. Hapo ndipo nilipoamini kwamba hatarudi, au atarudi mwili tu, na roho ataiacha kwenye ile meza.

Priya alipofika nilikuwa nimeshavaa viatu.

"Leo nataka ngazi," nikamwambia.

"Nini kimebadilika?"

"Mke wangu anarudi. Nataka nimpokee uwanja wa ndege."

Huo ulikuwa ukweli nusu. Nilitaka nione anatoka na nani. Nilitaka nimkute kabla hajapanga uso.

 Priya alinifundisha kuvuta hewa kwa pua na kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepoza uji. Siku ya kwanza nilishuka ghorofa moja, na suruali ililowa, si kwa jasho peke yake. Siku ya pili nilitapika kwenye kona ya ngazi, Kelia akapiga deki. Mguu wa kushoto ulikuwa unaburuta. Nikichoka namkumbuka Colin na kaptula yake, nashuka ngazi nyingine. Mwisho nikafika chini, nikasimama kwenye nyasi zenye jua. Papa Serafini alipiga kelele za "Aleluya!" mpaka majirani wakafungua madirisha. Nami nikaitikia, ingawa niliyekuwa namfikiria wakati huo hakuwa Mungu.

Siku ya kurudi kwa Spesioza nilikataa kusindikizwa. Nilikwenda na mkongojo na barakoa, nikapanda treni, nikabadilisha nyingine kituo cha Central, nikapumzika kila penye benchi. Nilifika nikiwa nimelowa mgongo. Nikasimama pale watu wanapotokea.

Alitoka na kundi lao. Colin alikuwa anamsukumia troli.  Spesioza akaniona, akasimama, watu wa nyuma wakamgonga.

"Baba Kelia? Umeletwa na nani?"

Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri. Pumzi haikunitosha kuusema wote.

"Wivu," nikasema.

Alimwangalia Colin, akaniangalia mimi, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika tumbo. Kisha kicheko kikakatika. Aliichukua troli yake, akamuaga mwalimu, akanivuta pembeni kwenye viti.

"Nilikuomba tushuke tununue mkate," akasema. "Miezi yote ile, kwa upole. Hukushuka. Kwa ajili ya Colin umeshuka."



"Unataka kujua nilichofanya kule? Nililala. Wenzangu walienda kuogelea, mimi nimelala. Siku ya kwanza walidhani naumwa. Nililala mpaka nikaamka mwenyewe, bila mtu kunigusa bega. Na jana nililia. Wakadhani nalilia bahari. Nilikuwa naogopa kurudi kuamshwa."

Maswali yangu yote ya kofia na glasi niliyokuja nayo yakaniishia mdomoni. Na msidhani wivu uliondoka. Ulihama tu. Colin nilimsahau pale pale, nikakionea wivu kitanda kile cha Ufaransa, kwamba kilimfanyia mke wangu kitu ambacho nyumba yangu imeshindwa.

Tulipanda treni kurudi. Kabla hatujafika Strathfield alikuwa amelala, kichwa begani kwangu. Bega liliuma. Kifua kikabana, na ile hofu yangu ikaja kama kawaida yake, mkono ukainuka wenyewe kumgusa. Nisikilize, Spesi, napumua? Nikaurudisha mkono mapajani. Nikavuta hewa kwa pua, nikaitoa kwa midomo, nikapoza uji wangu peke yangu. Parramatta ikapita. Westmead ikapita, na hospitali zake. Tukafika Toongabbie, milango ikafunguka, watu wakashuka na mifuko yao, milango ikajifunga. Sikumwamsha. Tukaenda naye hadi mwisho wa reli, chini ya milima, treni ikageuza, tukaanza kurudi, na bado amelala.

Nawashukuru madaktari na wauguzi walionigeuza na kunisafisha. Namshukuru Priya, na Papa Serafini kwa maombi yake pamoja na uchochezi wake. Namshukuru Mungu, ambaye akikosa farasi hupanda hata wivu wa mtu akafika anakokwenda. Siku hizi nashuka ngazi na kupanda, polepole. Nalala chumba cha Kelia, naye kahamia chumbani kwa mama yake. Spesioza akiwa roshani na chaki zake, bado nautazama ule mgongo na bado naona kijicho. Sijapona hilo, na sijaliombea sana.

Wewe uliyelala kitandani ukisoma haya, usikate tamaa, pumzi inarudi. Tafuta chochote kitakachokutoa hapo, hata kama hakipendezi kanisani. Tunasema mgonjwa haulizwi uji, na ni kweli, anapewa tu. Lakini anayeupika uji huo naye haulizwi chochote. Mwite sasa hivi, kabla hajaenda kuosha sufuria, umuulize kama jana alilala.