Rhonda Stupak na Buick iliyojazwa mafuta

Ni saa mbili asubuhi, na Rhonda Stupak amelala chali juu ya theluji, chini ya Buick ya kijivu, akitafuta pa kufunga mnyororo. Mbele ya gari hakuna cha kushika. Boneti imekunjwa hadi kwenye kioo, na gurudumu moja limelala ubavu.

Mwenye gari amesimama karibu na miguu yake. Ni mzee Emil Hudak, mchimba makaa mstaafu wa miaka 79. Amevaa koti la kanisani.

"Lori lako linakohoa kuliko mimi," anamwambia.

"Lenyewe halivuti sigara, mzee wangu. Ni uzee tu."

Rhonda, 51, amekuwa akivuta magari mabovu katika vilima vya Sipes Run, Pennsylvania, tangu mumewe alipopooza akamwachia lori. Miezi inayomlisha ni ile ya vuli, kulungu wanapovuka barabara bila kuangalia na magari kuwagonga.

"Inatia aibu kusema, lakini kulungu ndio wanaonilipia umeme," anasema.

Kazi nyingine ni hii ya leo, magari ya kutolewa msaada. Ni magari ambayo bima imeyahesabu yamekufa na kadi zake za umiliki zimegongwa muhuri wa mabaki, hayaruhusiwi tena barabarani. Hukaa uani mpaka nyasi zinaota hadi kwenye viti. Halafu siku moja mwenyewe anaamua kuyatoa, kwa kanisa, au kwa zimamoto wa kujitolea. Rhonda analipwa dola sitini kwa kila gari, na mafuta ni juu yake.

"Watu wananiambia, Rhonda, wewe unabeba takataka. Mimi takataka nabeba chache sana. Nafungua mlango nakuta kiti cha mtoto bado kimo. Rozari bado inaning'inia."

Buick hii ilikuwa ya Dolores, mke wa Emil. Miaka miwili iliyopita alikuwa akitoka kwenye ukumbi wa kanisa, ambako wanawake hukunja pierogi, sambusa za kuchemsha zenye viazi, za kuuza ili zimamoto wapate fedha. Kulungu akaruka. Gari likapiga mti, na mlango wa dereva ukabana.

Zimamoto walifika upesi, lakini walikuwa watatu tu. Wenzao walikuwa kazini Johnstown, na kati ya hao watatu hakuna aliyekuwa ameshika mkasi wa kukatia vyuma kwa miaka. Dolores aliongea nao muda mrefu kupitia dirishani. Walipomtoa, kwa upande wa abiria, alikuwa ameshanyamaza. Mlango wa dereva haujafunguka mpaka leo.

Mji mzima unalijua hilo, na hakuna anayelisema mbele ya Emil. Rhonda ndiye aliyelivuta gari siku ile. Bima ilipotaka kulichukua, Emil alikubali kulipwa pungufu ili abaki nalo. Akalifunika turubai.

Rhonda anatoka chini ya gari. Ananusa glavu zake.

"Mzee, umetia mafuta humu?"

"Nimejaza tangi."

"Gari haliendi."

"Kwa hiyo? Baba yangu aliniambia humpi mtu gari kavu." Anagusa paa la gari. "Pale kituo cha zimamoto kuna vijana wanatembea kwa miguu. Wakilipata watalinyoosha. Hata mazulia nimeyafua."

Katika vilima hivi, anayeazima gari hata la ndugu yake hulirudisha limejaa. Emil hakuona kwa nini la msaada liwe tofauti.

Lakini Rhonda hawezi kupeleka tangi lililojaa mahali gari hili linakokwenda. Mkuu wa zimamoto, Curt Beiler, alimpigia simu jana akamwomba asimwambie mzee kitu. Rhonda angeweza kuyatoa mafuta mwenyewe baadaye, nyuma ya gereji yake, na mzee asijue. Anavua glavu, anazitia mfukoni.

"Hawatalinyoosha, mzee wangu," anasema. "Watalikata. Jumamosi. Wanajifunza kufungua milango."

Emil anaondoa mkono kwenye paa la gari.

"Curt kakutuma uniambie?"

"Kanituma nisikuambie."

"Huyo mtoto hajanitazama usoni tangu mazishi. Ijumaa za Kwaresima tukienda kula samaki pale kituoni, ananijazia sahani mpaka inamwagika, halafu anakimbilia jikoni."

Emil anaingia nyumbani kwake na kufunga mlango. Rhonda anakaa kwenye ngazi ya lori. Anangoja mpaka vidole vinakufa ganzi.

"Angesema hapana, ningefungua mnyororo nikaondoka," atasema baadaye. "Curt angetafuta mvutaji mwingine. Ningefanyaje? Ni gari la mke wake."

Emil anarudi na mpira wa kumwagilia bustani na madumu mawili. Amevua koti la kanisani, amevaa la kazi. Anaingiza mpira kwenye tangi na kuvuta ncha ya pili kwa mdomo.

"Acha, baba, utameza."

"Nimemeza vumbi la makaa miaka thelathini. Shika dumu."

Mafuta yanatoka taratibu. Dumu la kwanza linajaa, kisha la pili.

"Yatie kwenye lori lako," anasema Emil. Anafuta mdomo kwa kiganja. "Na mwambie Curt waanze na mlango wa dereva."

"Nitamwambia."

"Mwambie nitakuja kutazama. Na asikimbie."

Sipes Run iliwahi kuwa na zimamoto arobaini. Leo wamebaki kumi na mmoja, na tangu kifo cha Dolores huomba kila gari bovu wanalosikia. Rhonda amewapelekea mengi. Huyashusha na kuondoka kabla mkasi haujawashwa, kwa sababu sauti ya chuma kikikatwa inamrudisha barabarani, kwenye ajali ya Dolores. Jumamosi hii anasema atabaki, kwa kuwa mzee hawezi kusimama pale peke yake.

Akiulizwa anatarajia nini katika miaka iliyobaki ya kazi, Rhonda anajibu:

"Nataka simu ilie, nifike, nikute gari limekwisha kabisa, halifai hata kwa chuma chakavu. Na mwenyewe amesimama kando ya barabara, ananitukana kwamba nimechelewa."