Balbu za Vifaranga Juu ya Matumbawe

Asubuhi moja ya baridi kali pale Makambako siisahau, mwanangu, maana ndiyo iliyonionyesha kwamba ufundi wangu ulikuwa wa mdomo tu. Nilikuwa nimetoka chuo cha umeme, binti mwenye kichwa kikubwa, ukiniuliza jambo najibu kabla hujamaliza.

Mama Tulla, mjane mwenye nyumba ya wageni karibu na stendi, aliniita. Marehemu mumewe, mtu wa Tanga, alimwachia tangi la kioo lenye maji ya chumvi na matumbawe hai. Kila asubuhi mama yule alikunywa chai kando ya tangi, akimwongelesha mumewe. Sasa taa ya tangi ilikuwa imeungua, na bei ya nyingine ya kuagizwa hakuiweza.

"Nitengenezee ya bei nafuu, binti yangu," akasema. "Ila matumbawe yasife. Ndiyo niliyobaki nayo ya baba Tulla."

Nikamwambia asiwe na shaka. Sisi wa huku kwenye baridi vifaranga tunawalea chini ya balbu za joto, basi nikachukua balbu zilezile nne, nikazifunga kwenye ubao, nikakinga kiganja chini yake. Ahaa, joto tamu! Nikaziweka karibu kabisa na maji, nikaenda zangu.

Siku ya tano, asubuhi ile ya baridi, nikaitwa. Matumbawe yalikuwa yamepauka kama chokaa, mengine yameanza kuoza. Mama Tulla hakunigombeza. Alikuwa amekigeuza kiti chake kikatazama ukuta. Mwanangu, afadhali angenitukana.

Nikakimbilia kwa Mzee Kalebu, fundi wa taa za malori pale njia panda.

"Kamwene, baba," nikamwamkia, nikamweleza yote huku nalia.

"Taa uliipimaje?"

"Kwa kiganja."

"Loo! Kwani wewe ndiye unayekaa ndani ya tangi? Yale yanaishi kwa mwanga, wewe umeyachemsha. Ulimuuliza nani?"

Sikuwa nimemuuliza mtu. Hata mama mwenye tangi, aliyeishi nalo miaka yote, sikumuuliza.

Safari hii tulimuuliza. Akasema taa ya zamani ilikuwa nyeupe yenye ubuluu, na haikuwa ya moto. Tukanunua taa za LED za kawaida, nyeupe na za buluu, tukazifunga kwenye bati la alumini lipunguze joto, tukazitundika juu, mbali na maji yanayoruka. Wala hazikuwa ghali. Tulianza kuwasha saa chache kwa siku, tukaongeza polepole, maana mgonjwa humpi sahani nzima.

Mengi yalikufa. Siwezi kukudanganya, na bado naumia. Lakini moja dogo, la pembeni, likaanza kurudisha rangi. Asubuhi moja nikakuta kiti kimegeuzwa tena kuelekea tangi, Mama Tulla ameshika kikombe chake.

"Baba Tulla," akaliambia tangi, "binti yetu amekuja."

Nililia upya.

Basi mwanangu, ukitaka kutengeneza kitu kwa bei nafuu, tengeneza, hakuna ubaya. Ila usipime kwa raha yako wewe. Uliza kwanza kiumbe kinachokitegemea kitu hicho kinahitaji nini, na umuulize anayekipenda, hata kama hajui waya hata mmoja. Mungu aibariki mikono yako, na kila utakayemwashia taa asigeuze kiti chake kutazama ukuta.